Maji Karibu na Shimo la Chokaa

Kamwene, wanyalukolo, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi nyote, wa viti vya mbele na ninyi mliosimama huko mlangoni. Nimefika jana kutoka Njombe, nimekaa juu ya lori la magome ya miwati njia nzima, kwa hiyo mkinisikia nakohoa msiogope. Ni vumbi la magome.

Mchungaji wenu aliniandikia kwamba mmekubaliana kujenga kanisa kwa mikono yenu wenyewe, na kwamba chokaa itashushwa hapa Makambako kesho kutwa. Akaniomba nije niwaeleze yaliyonipata. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Barua yenyewe alinisomea mwalimu wa shule, na alipofika kwenye neno chokaa nilimwambia, basi, inatosha, nimeelewa. Nikafunga mzigo.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wenu mtamtambua huyo ninayemsema. Mkimtambua, nawaomba mnyamaze.

Watoto wa pale mbele wananitazama uso. Waacheni watazame. Jicho hili la kushoto ni jeupe, halioni kitu. Hili la kulia linaona. Nitawaambia jinsi lilivyopotea moja, na jinsi lilivyobaki moja.

Mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, kama wengi wa huku kwetu. Barua zilikuja mwaka wa kwanza, kisha zikaacha kuja. Nilikuwa na watoto wawili na mama yangu mzazi. Nikasikia kwamba upande wa Njombe kuna kontrakta anajenga bweni la shule, anataka wanawake wa kubeba maji. Nikaenda. Nilikuwa na nguvu siku zile. Debe la maji nilipanda nalo mlima bila kulishika.

Huyo kontrakta alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mwashi aliyefunzwa kazi misheni. Nataka mlisikie hili mapema, ndugu zangu: hakuwa mtu mbaya. Hakutukana watu, hakupiga. Ukuta wake ulinyooka. Lakini alikuwa na haraka, na tena kulikuwa na mambo asiyoyajua ambayo alidhani anayajua.

Wale ambao hamjaiona kazi hii, niwaeleze. Chokaa huja kama mabonge meupe yaliyochomwa tanuruni. Yakikutana na maji yanachemka yenyewe bila kuni, yanatoa mvuke, yanapasuka, mwisho yanakuwa uji mzito. Mafundi wanaita kuzima chokaa. Uji huo ndio unachanganywa na mchanga wa kujengea, na ukiongezwa maji ndio unaopakwa ukutani. Tulichimbiwa shimo, likatandazwa mbao, mabonge yakamwagwa humo, na sisi wanawake saba tukaambiwa tumwage maji na kukoroga kwa majembe ya mipini mirefu.

Hakuna aliyetueleza neno jingine. Siku ya kwanza tulicheka tulipoyaona maji yakichemka. Mmoja wetu alitia kiazi mle kujaribu kama kitaiva. Baada ya wiki moja hatukucheka tena, maana mikono ilipasuka ikawa inatoa damu, tukawa tunajipaka mafuta ya mbarika jioni. Tulidhani ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Nani angelalamika? Bwana mmoja wa Serikali alikuja siku moja kukagua. Alitikisa ngazi, akapanda kwenye majukwaa ya waashi, akahesabu kamba, akasema hili libadilishwe, na lile libadilishwe. Kwenye shimo letu hakufika. Pale palikuwa mahali pa wanawake wa maji.

Ilikuwa kipindi cha baridi, asubuhi, upepo unavuma. Kontrakta alikuwa amechelewa na kazi ya kupaka kuta. Akapaza sauti kutoka juu ya jukwaa kwamba tumwage maji yote kwa pamoja, tusimwage debe moja moja kama watu wanaomwagilia mboga. Tukamwaga. Mabonge yakapasuka chini ya ule uji. Mimi nilikuwa nimeinama. Uji ukaruka ukaniingia jicho la kushoto na shavuni.

Sina maneno ya kuwaeleza maumivu yale, na sitajaribu. Nilisikia wenzangu wanakimbia na debe la maji. Walikuwa karibu kabisa, maji yangenifika kabla sijavuta pumzi mara tatu. Kisha nikasikia sauti ya kontrakta, ameteremka mbio.

"Maji hapana! Hamjaona yanavyoichemsha chokaa? Mtammaliza uso."

Wakarudi nyuma. Nawaambia, hata mimi niliamini. Siku zote tulikuwa tunaona kwa macho yetu kwamba maji na chokaa ni moto. Alinifuta kwa kitambaa, akanipaka samli ndani ya jicho na juu yake, akanifunga. Alifanya hivyo kwa huruma. Nikakaa chini ya turubai kungoja gari. Gari lilifika jua likiwa limeshapinduka.

Pale hospitali ya misheni muuguzi, mwanamume wa Makete, alifungua kile kitambaa akauliza, "Mlimwosha kwa maji?" Nikamwambia hapana, walizuiwa. Hakusema kitu. Aliniosha yeye, akaniosha muda mrefu sana, mpaka kanga ikalowa mgongoni na kitanda kikalowa. Lakini muda ulikuwa umepita.

Nilipomrudia mara ya tatu au ya nne nilimwuliza mbona siku ile alinyamaza. Akaniambia ukweli. Chembe kavu zikiwa usoni unazipangusa upesi, kisha ni maji, maji mengi, palepale, bila kungoja mtu wala gari. Chokaa inayokaa kwenye jicho inaendelea kula. Kama ningeoshwa papo hapo, alisema, huenda jicho lingepona.

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniumiza kuliko ile chokaa. Kabla ya hapo nilisema ni ajali, Mungu ameruhusu. Sasa nilijua kwamba maji yalikuwepo, watu walikuwepo, na jicho langu lilipotea kwa sababu ya neno moja la mtu aliyekuwa na mamlaka.

Nikaanguka. Sikuanguka kwa pombe, ulanzi sikuugusa. Nilianguka kwa uchungu. Nilijifunika kanga usoni nikawa natembea hivyo hata nyumbani. Shambani nilikwenda saa ambazo wenzangu wanapumzika. Kuna waliosema nimerogwa, na kuna waliokuja kunipa pole, na wote niliwajibu vibaya sawasawa. Kanisani niliacha kwenda. Nikisikia kengele ya Jumapili nilikuwa nachukua jembe.

Kontrakta alileta gunia la mahindi na blanketi. Mahindi niliyapokea, watoto walikuwa wanakula. Blanketi niliwatandikia mbuzi. Mama yangu aliliona asubuhi kule zizini akaniambia, "Mwanangu, mbuzi hawajui kwamba umekasirika." Nikamjibu kwamba mimi ninajua, inatosha. Nilikaa na hali hiyo misimu miwili ya mvua.

Kisha yule kontrakta akapata kazi nyingine, ya kujenga maghala huku huku upande wenu wa Makambako. Akatuma watu vijijini kutafuta wanawake wa maji. Mdogo wangu, tumbo moja, akaja kuniaga. Ameshafunga mzigo. Nilimkataza. Akasema ana watoto kama nilivyokuwa nao mimi. Basi nikaanza kumweleza yote aliyonieleza muuguzi, nikamwambia ayapeleke kwa kontrakta: maji yawekwe hivi, msimame hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole tu:

"Dada, mimi mbeba maji nimwambie kontrakta hivyo? Akiniuliza umejuaje, nijibu nini? Njoo umwambie wewe, uso wako anaujua."

Usiku ule sikulala sawasawa. Niliona kwamba nina kitu ambacho wengine hawana, na nimekikalia nyumbani kama kuku anayeatamia jiwe. Asubuhi nilivua kanga usoni, nikajitwisha mzigo, tukaondoka wote wawili.

Tulimkuta kontrakta anapima msingi wa ghala la pili. Aliponiona alisimama wima. Akatuma msichana wa jikoni alete kiti. Sikukaa.

Akasema, "Umekuja kudai."

Nikasema, "Nimekuja kuzima chokaa."

Akatazama chini, akasema hawezi kumwandika mtu mwenye jicho moja kwenye kazi ile, watu watamwonaje. Nikamwambia asiniandike kwa huruma. Kisha nikamweleza ninayoyataka. Mapipa mawili ya maji safi yakae karibu na shimo, maji ya kuoshea mtu tu, si ya kuchanganyia udongo wa kujengea wala ya kunywa. Shimoni maji yatangulie, chokaa ifuate, kidogo kidogo, wala siyo maji kumwagwa juu ya mabonge. Watu wasimame upande upepo unakotoka. Miguu ifungwe magunia. Shimo lizungushiwe fito, asipite mtu asiye na kazi pale. Na wakati wa kuzima asiwepo mtu wa kutuharakisha kutoka juu ya jukwaa.

Alisikiliza. Akauliza hayo ya maji nimeyatoa wapi, maana kila mtu anajua chokaa inachemka kwenye maji. Nikamwambia, "Nimeyatoa hospitali, baada ya siku ile uliponizuia."

 Lakini msidhani alikubali. Alisema mto uko chini bondeni, mapipa mawili ya maji yakae bure ni kazi ya saa mbili ya wanawake wanne, na yeye anatakiwa kuezeka kabla ya mvua. Akageuka kwenda kwenye kamba zake.

Mimi nikaenda kukaa kwenye ukingo wa shimo. Sikupanga kitu, miguu ilikuwa imechoka. Mdogo wangu akatua mzigo wake, akakaa. Mwanamke mmoja wa Mawengi, ambaye hata hatukuwa tunajuana, aliniangalia usoni, akatua debe lake, akakaa. Mmoja baada ya mwingine wabeba maji wote wakakaa. Hatukupiga kelele. Waashi juu wakaanza kuita udongo, na udongo hakuna.

Alikuja akasimama mbele yetu. Akasema pipa moja. Nikamwambia mawili. Akasema moja, na fito, na magunia, na mengine yote niliyoyasema, na mimi ndiye nitakayesimamia shimo. Nikawatazama wenzangu, nikakubali. Nawaambia wazi kwamba nilikosea. Nilikuwa nimefurahi kushinda mengi nikaachia moja, na lile moja nusura linigharimu.

Tukafanya kazi. Kila mwanamke mpya nilimfundisha kabla hajashika jembe, nikamtaka arudie. Ukirukiwa unafanya nini? Maji. Mpaka lini? Mpaka hospitali. Na fundi akikukataza? Hapo walikuwa wanacheka kidogo, wanamtazama kontrakta kwa pembeni, wanajibu: maji. Kontrakta alipita pale kila siku bila kunisalimu.

Sasa nafika mahali pagumu kusimulia. Mnaujua upepo wenu wa Makambako, hauna adabu. Siku hiyo mwenzetu mmoja mwenye mtoto mchanga hakuja, nikashika jembe lake mimi mwenyewe. Tulikuwa tumesimama sawasawa, maji yalitangulia, kila kitu kilikuwa kama nilivyowafundisha. Lakini bonge moja kubwa lilikuwa limezama bila kupasuka, nikalichokonoa. Likapasuka. Upepo ukageuka palepale. Uji ukaniingia jicho la kulia. Hili moja lililobaki.

Giza. Nikaangusha jembe. Na mimi mwalimu wao nilisahau kila kitu, nikainua mikono nijisugue. Mdogo wangu ndiye aliyenishika mikono yote miwili. Wengine wakanisukuma mpaka kwenye pipa, wakanilaza kichwa, wakanifumbua jicho kwa vidole na kumwaga maji, kata baada ya kata. Nilipiga kelele waniache. Hawakuniacha.

Kisha nikasikia kata inakwangua chini ya pipa. Maji yanakwisha. Na jicho bado linawaka.

Nikasikia hatua za kontrakta na pumzi yake. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa chokaa, maana nilidhani nitasikia lile neno. Alichosema ni hiki:

"Waashi wote chini. Shikeni madebe. Pangeni mstari mpaka mtoni."

Waliteremka. Waashi, mafundi seremala, dereva, wote, watu ambao hawajawahi kubeba debe la maji maishani mwao, maana hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Walipasiana madebe kutoka mtoni hadi kichwani pangu. Waliniosha mpaka lori lilipowashwa, na katika lori wakapakia madebe manne, mdogo wangu akaendelea kuniosha njiani. Njia ile mbaya mnaijua. Nusu ya maji ilimwagikia miguuni mwetu, nusu ilifika jichoni. Kontrakta alikuwa nyuma pamoja nasi, ameshika kichwa changu kisigonge mbao.

Muuguzi alikuwa yuleyule wa Makete. Akauliza swali lilelile. Mdogo wangu akamjibu, "Tangu dakika ile mpaka sasa hivi." Akasema, vizuri, na akaendelea kuniosha. Kisha akanifunga macho.

Nilikaa siku nyingi na kitambaa machoni. Mtu mwenye jicho moja akifungwa hilo moja anajua vizuri anakoweza kuishia. Nilijifunza sauti za wodi: mlango, beseni, viatu vya muuguzi. Niliwaza nitapikaje, nitapaliliaje, nani atanishika mkono kwenda chooni. Niliomba, lakini sala zangu zilikuwa fupi.

Siku moja nikasikia mtu amekaa kwenye benchi karibu na kitanda, hasemi. Nikajua ni nani kwa harufu ya chokaa. Nikamwambia kama amekuja kusema, aseme. Akasema:

"Mama, mara ya kwanza ni mimi niliyekuzuia maji. Watu nimewaambia ni ajali. Mke wangu nimemwambia ni ajali. Ni mimi."

 Nilisikia anatoka. Mnaotaka niseme kwamba nilimsamehe palepale, sitasema, tuko mahali pa ukweli. Nilimsamehe baadaye, wakati wa palizi, na hata siku yenyewe siikumbuki. Niligundua tu kwamba nimepita mstari mzima wa mahindi nikimfikiria, na hasira haijanijia.

Kitambaa kilipofunguliwa niliona ukungu wa maziwa. Kesho yake nikaona dirisha. Siku ya tatu nikaona kuku nje ya dirisha, mwekundu, ana mguu mmoja ameukunja. Nikamwambia muuguzi kuna kuku pale. Akatazama, akasema kweli, yupo. Akakaa kwenye kitanda changu bila ruhusa, akafuta uso wake.

Ndio hivyo. Uzi kwenye sindano anatunga binti yangu. Mengine yote nafanya mwenyewe. Na kontrakta yule, kila anapoanza kazi mpya sasa, mapipa ya maji yanajazwa kabla ya jiwe la kwanza, na wanawake wa maji wanaandikwa majina kama waashi. Mara nyingine hunipeleka niseme na watu wake. Tunasalimiana.

Nina shukrani. Namshukuru mdogo wangu aliyenishika mikono. Nawashukuru wale wanawake waliokaa chini pamoja nami, na yule wa Mawengi aliyetangulia bila kunijua. Nawashukuru waashi waliobeba maji. Namshukuru muuguzi kwa kunieleza ukweli ingawa uliniuma, na mama yangu, sasa marehemu, aliyelitoa zizini lile blanketi, akalifua na kulianika juani. Namshukuru kontrakta pia, kwa kusema ni mimi. Na juu ya wote Mungu, aliyenipa kuwaona ninyi asubuhi hii.

Neno langu kwenu ni dogo. Anayewaita watu kazini ameyachukua macho yao na mikono yao mpaka jioni, na jioni anatakiwa kuvirudisha. Asiseme sikujua. Aulize kabla. Na wewe unayeitwa, ukiona jambo la hatari sema, usiogope eti kwa kuwa wewe ni mbeba maji tu. Mimi ni mbeba maji.

Mchungaji ameniambia shimo limeshachimbwa kule nyuma, na nilipolikagua asubuhi niliona ni shimo zuri. Nikauliza nani analisimamia. Mmoja akasema wazee wa kanisa, mwingine akasema mafundi, mwingine akasema sote. Ndugu zangu, sote maana yake hakuna. Kwa hiyo kabla sijakaa naomba kitu kimoja. Atakayelisimamia shimo lile, ambaye mtu akiumia tutamwuliza yeye, asimame tumwone uso.

Sina haraka, lori langu linaondoka kesho.

Asante, mama. Nawe baba, asante, mkiwa wawili ni vizuri zaidi. Geukeni, watu wa mlangoni nao wawaone.